Marge hajafa, mwambie mtoto ale

SWALI: Dada shkamoo, naomba unisaidie maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mi na binti yangu wa miaka 9 tunaangalia sana The Simpsons, sasa juzi kaona klipu kwenye simu ya kaka yake, Marge, yule mama wa familia, anazikwa, amelia huyo mpaka chakula cha usiku kagoma. Namwambia ni katuni tu hanisikii. Kweli wamemuua? Na ndo imeisha hivo? (Mama Wawili, Tanga)

JIBU: Marahaba mamaa, na mpe pole huyo mwali. Marge hajafa. Hiyo klipu ni ya episodi ya mwisho ya msimu wa 36, ilionyeshwa Marekani Mei 18, 2025, watu wakakata kipande cha msiba peke yake wakakirusha mtandaoni bila maelezo, na hili linaniudhi kweli kwa sababu episodi yenyewe ni nzuri sana na wala sio ya msiba, ni ya wanawe, Bart na Lisa. Wanaacha kuangalia pamoja ile katuni yao ya Itchy & Scratchy, kila mtu anashika lake, alafu hadithi inaruka miaka 35 mbele, Marge keshatangulia na hao ndugu wamekuwa kama majirani tu. Kinachowarudisha ni video aliyowaachia mama yao. Pale nililia, nikampigia kaka yangu usiku uleule.

Sasa kaa na binti muiangalie yote, asiishie kwenye kaburi. Mwisho Marge yuko mbinguni na Ringo Starr wa bendi ya Beatles, yule aliyempenda tangu usichana wake, ana furaha zake.

Alafu mweleze hivi: episodi zao za miaka ijayo ni za kuwaza tu, leo zinakuja hivi kesho vile. Matt Selman, mmoja wa wanaoiongoza, alishasema hivohivo baada ya watu kupaniki. Bart ana miaka 10 tangu kipindi chao kianze Desemba 17, 1989, ingekuwa umri unahesabika pale Springfield, mji wao, saa hizi angekuwa baba mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Na haijaisha, Aprili 2025 Fox, televisheni inayoirusha, waliongeza misimu minne, mpaka wa 40.

Kifo kinachoingia kweli kwenye hii katuni ni cha wenye sauti. Marcia Wallace, sauti ya Krabappel, mwalimu wa Bart, alifariki Oktoba 2013 na hawakutafuta mtu wa kumrithi, mwalimu akaondoka naye. Bart, ambaye siku zote anaandikishwa ubaoni kama adhabu, safari hiyo aliandika mara moja tu kwamba watammisi sana, na uso wake umeinama. Ile mi siisahau.

SWALI: Sauti ya Milhouse, yule rafiki wa Bart kwenye The Simpsons, mbona siielewi siku hizi, au ni spika za TV yangu? (Kijana, Mombasa)

JIBU: Masikio yako mazima mdogo wangu. Pamela Hayden, aliyekuwa sauti yake, alistaafu Novemba 2024 baada ya miaka 35, sasa hivi ni Kelly Macleod. Mpe muda, mi nishaanza kumzoea.