Maua ya mwembe kuwa meusi baada ya mvua isiyo ya msimu

Ndugu, umesema miembe yako ya Mkuranga ilichanua Julai, mvua ikanyesha siku nne, maua yakawa meusi na kupukutika. Hiyo ni chule, ugonjwa wa ukungu unaoenea kwa matone ya maji. Usiuchanganye na ubwiri unga: huo huacha vumbi jeupe kwenye shada, na hupenda usiku wa baridi wenye umande, hata pasipo mvua.

Maua yaliyokwisha kuwa meusi hayaponi. Okoa mashada ambayo bado hayajafunguka: changanya mankozebu (dawa ya unga ya kuzuia ukungu) ya asilimia 80, gramu 40 hadi 50 kwa bomba la kunyunyizia la lita 20, unyunyizie jioni majani yakiwa makavu. Asubuhi nzi na nyuki wako kazini, na bila wao hakuna embe. Mvua kubwa ikiosha dawa, rudia. La sivyo ngoja siku 10 hadi 14, ukifuata kibandiko cha dawa. Ukiona unga mweupe, tumia salfa ya kuchanganya na maji, ila kamwe si kwenye jua kali, huunguza maua.

Tafadhali usimwagilie wala kuweka mbolea ya naitrojeni sasa ukidhani mti umechoka. Utatoa majani badala ya maua.

Kazi kubwa ni baada ya mavuno: kata matawi makavu, fungua katikati ya mti upepo upite, kisha choma mabaki yote. Ukungu hujificha humo hadi msimu ujao.