Kuitoa Injini ya Land Rover Series III: Ushauri kwa Anayefufua Gari la Zamani

Katika kazi yote ya kufufua Land Rover ya zamani, hakuna hatua inayosubiriwa kwa shauku kama ile ya kuinyanyua injini na kuiona ikitoka mbele ya gari, na huenda ndiyo maana hakuna hatua inayofanywa kwa haraka kama hiyo. Nimeifanya kwenye Series III yangu ya petroli, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na nimewasaidia wenzangu hapa Arusha kuifanya kwenye magari yao. Ninachokiamini kwa dhati ni kwamba winchi inatakiwa kuwa chombo cha mwisho kuguswa. Injini iliyo ndani ya gari na ambayo bado inawaka inaweza kuonyesha maradhi yake yote, lakini ikishatolewa, ikaoshwa na kufunguliwa, ushahidi mwingi hupotea, na fundi hubaki akibahatisha huku mwenye gari akinunua spea zisizohitajika.

Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ya petroli inayoonekana zaidi ni ile yenye injini ya silinda nne ya lita 2.25. Hadi mwaka 1980 krankishafti ya injini hiyo, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi kuu tatu, na baada ya hapo ikawekewa tano, kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote cha sehemu ya chini ni lazima ujue unayo ipi. Soma namba ya injini iliyogongwa kwenye boksi la injini, uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Magari haya yamepita mikono mingi, na injini nyingi zimebadilishwa bila kadi kubadilishwa. Ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko siku unapotaka kuliuza gari au kuliandikisha upya.

Anza na kipimo cha mgandamizo. Iwashe injini hadi ipate joto lake la kawaida, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, kisha zungusha stata huku geji ikiwa kwenye tundu la silinda moja baada ya nyingine, na uandike kila namba. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: namba ikipanda, tatizo liko kwenye ringi za pistoni au ukuta wa silinda, na isipopanda, zitazame valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, kitu cha kwanza kushukiwa ni gasketi ya hedi iliyoungua kati yao. Ukiwa na geji ya presha ya oili, ifunge kwa muda mahali pa swichi ya taa ya oili, uisome injini ikiwa baridi na baadaye ikiwa moto. Kazi hii haigharimu karibu chochote, lakini ndiyo inayoamua kama injini itakwenda kuchongwa silinda au itarudishwa ikiwa na ringi mpya na valvu zilizosagwa. Nimeona injini nzuri zikiachwa na nafasi zao kuchukuliwa na injini za dizeli za magari mengine kwa sababu tu hakuna aliyezipima, na jambo hilo linanisikitisha, kwa kuwa spea za injini hii bado zinapatikana na fundi mwenye subira anaweza kuirejesha katika hali yake.

Baada ya hapo lala chini ya gari na utazame uvujaji kabla hujaosha chochote. Chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, kuna tundu dogo ambalo hufungwa kwa plagi yake maalumu wakati gari linapovushwa majini, na ambalo siku nyingine zote huachwa wazi. Oili ikidondoka hapo, ichukue kwenye kidole uinuse: oili ya gia ina harufu kali ya salfa, ya injini haina. Ikiwa ni ya injini, sili ya nyuma ya krankishafti inavuja. Ikiwa ni ya gia, uvujaji unatoka upande wa giaboksi, na kuitoa injini peke yake hakutaumaliza. Piga picha za kila alama ya maji, oili na petroli unayoiona. Ukimaliza ndipo uoshe kwa mafuta ya taa na brashi, kwa sababu bolti chafu haishikwi vizuri na spana.

Kuhusu spana nina msimamo usiobadilika. Bolti na nati nyingi za gari hili ni za vipimo vya inchi, na kuzifungua kwa spana za milimita ndiko kulikoharibu vichwa vingi vya bolti tunavyovikuta leo. Nati inayotaka spana ya inchi 9/16 ina upana wa karibu milimita 14.3, kwa hiyo spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza hadi inakula kona. Kopa au nunua seti ya inchi, tumia ya ringi au soketi ya pembe sita, na zipake bolti zote zenye kutu mafuta ya kulegeza siku moja au mbili kabla. Ikikataa, ipashe moto, lakini si karibu na kabureta, paipu za petroli au tangi.

Betri hutangulia, na waya wa hasi unaokwenda kwenye chesisi hutolewa kabla ya ule wa chanya. Kama gurudumu la akiba limefungwa juu ya boneti, litoe kwanza, kisha chomoa boneti kwenye bawaba zake mkiwa watu wawili, muiweke mahali ambapo haitakanyagwa. Maji yanamwagwa kwenye rejeta na pia kwenye boksi la injini, kwani kufungua bomba la rejeta peke yake huacha maji mengi ndani ya injini yatakayokumwagikia baadaye. Oili ya injini imwagwe kwenye chombo safi na itazamwe kwenye mwanga wa jua: chembe za chuma zinazometameta ni habari mbaya ya beringi, na rangi ya maziwa ina maana kwamba maji yameingia.

Kazi hurahisika sana ukiitoa rejeta pamoja na paneli yake ya mbele ikiwa kipande kimoja. Ondoa mipira ya maji na waya zinazopita mbele kwenda kwenye taa, bolti zinazoishika paneli kwenye madigadi za pande zote mbili, na zile kubwa mbili za chini zinazoifunga kwenye chesisi, kisha nyanyua. Mbele sasa ni wazi, na injini itaweza kusogea mbele moja kwa moja badala ya kupandishwa kwa pembe kali na kugonga kila kitu. Wapo wanaoiacha paneli ili kuokoa muda. Wanachokiokoa hakilingani na rejeta iliyotobolewa na feni.

Kichujio cha hewa chenye oili ndani kitolewe kikiwa kimesimama wima. Fuata waya wa choki, vyuma vinavyounganisha pedali ya mafuta na kabureta, paipu ya petroli ambayo lazima izibwe papo hapo, waya za altaneta, stata, koili, kipima joto na swichi ya oili, mipira ya hita kama ipo, na waya mnene unaounganisha injini au giaboksi na chesisi. Huo wa mwisho ndio husahaulika zaidi, kwa sababu umejificha. Kila waya na kila paipu ifungiwe kipande cha karatasi ya gundi chenye maandishi, na kila bolti irudishwe kwa mkono kwenye tundu lake mara tu kitu chake kinapotoka. Mfumo wa makopo yenye majina ni mzuri, lakini makopo humwagika, na kazi ya kufufua gari hudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu. Nati za paipu ya ekzosi kwenye manifoldi zifunguliwe kwa upole wa pekee, maana stadi zake, zile bolti zisizo na kichwa, zikikatika, kuzitoa ni kazi ya kutoboa na kukata nyuzi upya.

Anayelijua gari la kisasa hushangaa kuambiwa kwamba nati za juu zinazounganisha injini na giaboksi hufikiwa kutoka ndani. Ni lazima utoe sakafu za mbele na kifuniko cha giaboksi kati ya viti, na skrubu zake huwa zimeoza, kwa hiyo panga muda wa kutosha. Ukishafungua, mduara wote wa nati za nyumba ya klachi unaonekana, wa juu ukiwa ndani na wa chini ukiwa uvunguni. Ziondoe zote isipokuwa mbili, moja kila upande, zilegezwe tu hadi wakati wa kunyanyua.

Sasa fikiria giaboksi inashikwa na nini. Nyuma ina maunting zake, yaani vishikizo vyenye mpira, lakini upande wa mbele inabebwa na injini; injini ikiondoka, mbele ya giaboksi huanguka. Weka jeki yenye kipande cha mbao chini ya nyumba ya klachi na uibebe kabla nati ya mwisho haijatoka. Injini yenyewe ina uzito wa kilo 200 hivi, na kwa mzigo huo mimi hutumia winchi ya mnyororo ya tani 1 iliyofungwa kwenye tatu-miguu ya mabomba mazito ya chuma au kwenye boriti ya gereji inayojulikana uwezo wake. Tawi la mwembe limebeba injini nyingi katika nchi yetu, lakini halitoi taarifa kabla ya kuvunjika, na sitamshauri mtu yeyote alitumie. Mnyororo ufungwe kwenye vishikizo vya kunyanyulia vya mbele na nyuma ya injini. Watoto watoke uwanjani, na asiwepo mtu yeyote mwenye mkono au mguu chini ya mzigo.

Vuta winchi hadi mnyororo ukaze na uzito uanze kutoka kwenye maunting, ndipo ufungue bolti za maunting mbili na zile nati mbili zilizobaki. Hapa ndipo subira inapolipa. Shafti ya giaboksi imepita katikati ya pleti ya klachi, na ncha yake imeingia kwenye bushi iliyo mwisho wa krankishafti, kwa hiyo injini lazima isogee mbele ikiwa imenyooka kabisa hadi shafti itoke yote. Tazama mwanya kati ya nyumba ya flaiwili na nyumba ya klachi. Ukiwa sawa pande zote, endelea kusogeza; ukifunguka juu zaidi kuliko chini au kinyume chake, rekebisha winchi au jeki kidogo kidogo hadi usawazike. Usitie bisibisi kubwa na kulazimisha, na usiuache uzito wa injini uning'inie kwenye shafti, kwa kuwa kitovu cha pleti ya klachi hupinda na bushi huharibika. Injini inapogoma, karibu kila mara kuna nati, waya au paipu iliyosahauliwa; simamisha kazi na uitafute.

Ikishatoka, ishushwe mara moja. Isilalie sampu yake ya bati, lile bakuli la oili la chini; iweke juu ya mbao zinazobeba nyumba ya flaiwili na sehemu imara ya mbele, au kwenye stendi baada ya kutoa klachi na flaiwili. Kuhusu klachi, sikiliza onyo hili: pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa wala kulipiga brashi kavu. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Nafasi iliyobaki wazi mbele ya gari ina thamani kubwa kama injini yenyewe. Kagua vishikizo vya maunting kwenye chesisi, kwani nyufa huanzia hapo, na ugonge chesisi kwa nyundo ndogo ukisikiliza mahali inapotoa sauti butu ya chuma kilichooza. Bodi ni ya aluminiamu, lakini ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni wa chuma, na huoza pale miguu inapokaa. Itazame pia rilei ya usukani, kiungo kinachopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, iliyosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi: hukaa miaka bila oili, na hakuna wakati mzuri wa kuijaza kuliko huu. Ikihitaji kutolewa na kufunguliwa, mpe fundi anayeijua, kwa maana ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi inayoweza kumjeruhi mtu vibaya.

Nunua sasa sili ya nyuma ya krankishafti, bushi ya shafti, pleti ya klachi pamoja na beringi yake, maunting mbili na mipira yote ya maji, hata kama ya zamani inaonekana kuwa na uhai, kwa sababu kuifikia tena ni kurudia kazi hii nzima. Pleti mpya inapofungwa, iwekwe katikati kwa kutumia shafti kuukuu ya giaboksi au mti uliochongwa kwa vipimo vyake, ndipo bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Siku ya kurudisha, weka giaboksi kwenye gia, na msaidizi aizungushe krankishafti taratibu kwa hendeli ya mbele huku wewe ukiisukuma injini nyuma. Meno ya shafti yakikutana na ya pleti, injini itaingia yenyewe, bila bolti yoyote kutumiwa kuivuta.