Wasomaji Wanauliza: Utando wa Protini wa Kufungia Chakula

SWALI: Ninatengeneza utando wa kufungia karanga kwa unga wa protini ya maji ya jibini. Ukikauka, ukiukunja tu unavunjika. Nikiongeza gliserini unanata, na ukiguswa na maji unamomonyoka. Nakosea wapi? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Huko kumomonyoka hakutibiwi na gliserini. Shida huwa ni joto. Protini hii imejikunja yenyewe. Ikipashwa moto wa kutosha hukunjuka, na sehemu zake zenye salfa hushikana na za jirani. Bila mshikano huo utando hukauka vizuri kwa macho tu.

Kwanza chunguza unga. Ule wa wanamichezo wenye sukari na ladha haufai. Tafuta usio na nyongeza, wenye protini asilimia 90 au zaidi. Koroga gramu 10 katika gramu 100 za maji, pH (kipimo cha uasidi) iwe karibu 7. Ikishuka hadi 5 hivi, protini inaganda mabonge. Weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, mchanganyiko ukae kwenye nyuzi 90 za Selsiasi kwa dakika 30. Hapa Nairobi, takribani mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo nafasi ni ndogo. Chombo cha ndani kikiwa wazi hakitafika 90 hata sufuria ikitokota. Kifunike, na uzamishe kipimajoto kwenye mchanganyiko wenyewe, si kwenye maji ya nje.

Ukipoa, tia gliserini gramu 4. Chini ya gramu 3 utando huvunjika; ukizidisha 5 hunata na kupitisha mvuke zaidi. Koroga polepole, funika, acha kwenye friji usiku kucha mapovu yatoke, kwani kila povu lililobaki huwa tundu. Kwenye sahani ya silikoni ya sentimita 15 mwaga gramu 19. Utapata unene wa karibu milimita 0.1. Sawazisha meza kwa pimamaji, la sivyo upande mmoja utakuwa mwembamba na ndio utakaopasuka. Kausha kivulini siku moja hadi mbili. Juani uso huwahi kukauka na kingo zinajikunja.

Kisha upime. Kausha kipande, kipime uzito, kiloweke saa 24, ukikaushe tena vilevile. Kikipoteza karibu asilimia 29 usishtuke: hiyo ni gliserini, gramu 4 kati ya 14, nayo huyeyuka siku zote. Kikipoteza zaidi sana, protini inatoka. Rudi kwenye moto.

Kwa karanga umechagua vyema. Utando huu huzuia oksijeni, inayochachisha mafuta, mradi tu hewa iwe kavu. Ndiyo maana tungeuweka ndani ya mfuko wa karatasi na bidhaa tukaiweka mbali na unyevu.

SWALI: Nikiongeza nta ya nyuki inaelea juu. – Msomaji, Ngara

JIBU: Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ukiitia kwenye mchanganyiko uliopoa, huganda kabla haijasambaa. Tia gramu 2 mara tu dakika 30 za moto zinapoisha, saga kwa blenda yenye kasi kwa dakika 3 hadi 5 joto likiwa juu ya 70, kisha poza upesi kwenye maji ya barafu huku ukikoroga. Mvuke utapungua kupita, ila utando utakuwa mweupe na dhaifu kidogo. Nta kiasi hupanda uso wa juu utando unapokauka, basi geuzia uso huo upande wenye unyevu.

SWALI: Ni kweli formalini kidogo hukaza utando wa soya? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hukaza, lakini usiitie kamwe. Ni sumu, na masalio yake huhamia kwenye chakula. Badala yake, weka utando uliokwisha kukauka kwenye oveni, nyuzi 80 hadi 95, kwa muda wa saa mbili au zaidi. Jaribu vipande kwa muda tofauti. Utaimarika na hautayeyuka sana majini kama awali, ingawa utageuka manjano na kupungua kuvutika. Na kwenye lebo andika wazi kuwa una soya, au maziwa kama ni wa maji ya jibini, kwa sababu wako wateja wenye mzio ambao hawatarajii kuvikuta kwenye kifungashio.