Msichana wako hakuwa huru mwaka 1873

Mdogo wangu, umeuliza kama msichana wa riwaya yako, mtumwa wa shamba la karafuu Unguja, anaweza kupata uhuru soko la watumwa linapofungwa mwaka 1873. Hapana. Mkataba wa Barghash, Sultani wa Zanzibar, ulipiga marufuku kuuza na kusafirisha watu. Aliyekwisha kufika shambani alibaki mali ya bwana wake. Amri ya kufuta utumwa ilikuja Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru mahakamani. Masuria, yaani watumwa wa kike ambao bwana huwafanya wenzi wake wa kitandani, waliachwa nje hadi 1909.

Mpe msichana huyo mama aliye suria. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake ni huru, humrithi baba na huitwa kwa kabila lake. Basi tumbo moja linaweza kuzaa Mwarabu huru na, kabla yake, kwa baba mwingine, mtumwa kama msichana wako, aitwaye Mnyasa, yaani mtu wa upande wa Ziwa Nyasa. Nakusihi hapo usipite haraka, andika: nani anakula wapi, nani anajifunika ushungi, mama anawaitaje wanawe. Na mwache msichana atembee mwenyewe hadi mahakamani, asiokolewe na nahodha Mwingereza.