Nilikimbia mafuta, mifupa ikanidai

Nilivunjika kifundo cha mkono nikiwa na miaka 66. Sikuanguka kutoka juu. Niliteleza kwenye sakafu yenye maji, nikatanguliza mkono kujizuia, ukavunjika. Daktari hakuniuliza sana habari za sakafu. Aliniuliza ninakula nini.

Nikamjibu kwa fahari kwamba kwa miaka kumi sijagusa mafuta. Mume wangu alikuwa ameugua moyo, nami kwa hofu nikayafuta kabisa jikoni: kila kitu kikawa cha kuchemsha, maziwa yakawa yale yaliyoondolewa mafuta, karanga na parachichi nikaziacha. Nikakonda, watu wakanisifu. Nilipopimwa mifupa, alama, ambayo hulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, ikasoma -2.7. Ikifika -2.5 au chini ya hapo, ugonjwa huitwa osteoporosisi: mfupa umepoteza uzito na kubaki na matundu mengi ndani.

Sisemi kukosa mafuta ndiko kulikonivunja mkono. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 49, na homoni ya estrojeni inaposhuka, mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Lakini kukonda kule kulizidisha mambo. Mfupa hukaza kwa kubeba uzito. Mwili ukipungua sana, nao hulegea, na ukianguka hakuna nyama ya kupokea kishindo. Jamani, mzee anayekonda bila sababu asipongezwe. Apelekwe akapimwe.

Kilichoniuma zaidi ni vidonge vyangu vya vitamini D. Nilikuwa nikivimeza kila asubuhi kwa chai kavu, tumbo tupu. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na vitamini K, ambayo nayo inahitajika na mfupa, ni vivyo hivyo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa wazee dozi ileile: waliokula chakula chenye mafuta walipata vitamini D zaidi kwenye damu kwa asilimia 32 kuliko waliokula chakula kisicho na mafuta. Tangu nilipojua hivyo, kidonge changu kinakwenda na mlo mkubwa wa siku. Mboga za majani nazo, zenye vitamini K kwa wingi, sizichemshi tena zikiwa tupu. Nazitia kijiko cha mafuta ya mimea.

Hata hivyo kidonge si kinga kwa kila mtu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lenye watu zaidi ya 25,000: waliomeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku hawakuvunjika mifupa kwa uchache kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengi wao hawakuwa na upungufu. Kwa hiyo pima damu kwanza, ujue kama unavihitaji vidonge hivyo.

Msije mkadhani nimerudi kukaanga kila kitu. Uchunguzi wa wanawake waliokwisha kukoma hedhi huko Marekani, uliochapishwa 2010, uliona kuwa waliokula zaidi mafuta yanayoganda, kama siagi na ya nyama nono, walivunjika nyonga zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nguvu ya chakula cha siku, na yale yanayoganda yasizidi asilimia 10. Hofu yangu juu ya moyo wa mume wangu ilikuwa na msingi. Kosa langu lilikuwa kuyatupa yote kwenye kapu moja. Siku hizi tunakula wote wawili samaki wenye mafuta, karanga na mbegu. Samaki hao nawapenda kuliko vyote, maana wanaleta vitamini D pamoja na mafuta yake.

Mafuta ya ini la samaki nayo yana tahadhari yake. Yana vitamini A nyingi, na vitamini A ya aina hiyo ikizidi kwa miaka mingi imehusishwa na kuvunjika nyonga. Kama tayari unameza kidonge cha vitamini mchanganyiko, soma kibandiko kabla hujajiongezea kijiko. Na kama una ugonjwa wa kongosho, umewahi kukatwa sehemu ya utumbo, au unatumia dawa za kupunguza unene zinazozuia mafuta kufyonzwa, mwambie daktari wako hata kama hajakuuliza, kwa sababu unaweza kula vizuri na mfupa usipate kitu.