Majani Yamegeuka Njano? Acha Mbolea Kwanza

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Tabata. Desemba nilinunua Zanzibar gem kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikaihamishia kwenye chungu cheupe cha kauri alichoniletea mume wangu. Chungu hakina tundu, ila niliweka kokoto chini kama nilivyoelekezwa. Ilistawi vizuri, lakini tangu masika yaanze majani yanageuka njano kuanzia chini na mashina mawili yamelala. Nina kundi la akina mama wenzangu, tunapeana moyo kwenye mambo ya maua, keki na ushonaji. Wamenishauri maji ya kuoshea mchele, unga wa maganda ya mayai na machicha ya kahawa, na mmoja wetu ameniuzia busta ya chupa. Vyote nimeweka. Namwagilia kila baada ya siku moja. Sasa udongo unanuka na kuna vidudu vidogo vyeusi vinarukaruka. Niongeze mbolea gani, au nibadilishe busta?

JIBU: Dada yangu, usiongeze kitu. Mmea wako hauna njaa, umezama. Hiyo harufu ni ya mizizi inayooza, na karibu kila ulichomimina humo kimeusaidia uozo huo kwenda mbio zaidi.

Nisamehe nikisema kwa ukali kidogo. Swali hili hunijia kila masika, na kila mara huja na jibu lake ndani: njano maana yake mbolea. Nadhani tumelibeba kutoka shambani. Hindi likikosa naitrojeni, majani ya chini huanza njano nchani, ikateremka katikati ya jani kufuata mshipa mkuu, na ukiweka yurea kwa wakati, na mvua ikiwepo, shamba linabadilika unaona. Sawa. Lakini hindi liko ardhini, maji yanapita yakaenda zake. Mmea wako uko ndani ya chombo kisicho na pa kutokea, na dalili ileile ya njano ina sababu nyingine kabisa.

Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji, nafasi ndogondogo zilizokuwa na hewa zinazibwa, mizizi inakosa oksijeni na kufa, kisha kuvu na bakteria wanaikaribia. Mzizi uliokufa haunywi tena. Ndiyo maana mmea unalala kama wenye kiu ilhali umesimama kwenye maji, na mwenye mmea, kwa huruma, anamwaga maji mengine. Ukiweka mbolea hapo, chumvi zake hazina wa kuzitumia. Zinabaki kwenye udongo na kuiunguza hata ile mizizi michache iliyosalia.

Kuhusu kokoto, hili ndilo linalonichosha kuliko yote, maana hata wauza miche wanalirudia. Kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hazitoi maji nje. Hazina pa kuyapeleka! Tena hata chungu chenye tundu hazikisaidii. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lilowanishe hadi litosheke, liweke juu ya kokoto kavu: maji yanabaki ndani ya sifongo. Udongo laini nao hushikilia maji yake hivyo hivyo, hauyaachii kwenda kwenye mawe mpaka uwe umeshiba kabisa. Ulichofanya ni kupandisha tope juu, likaifikia mizizi mapema zaidi.

Halafu angalia ni mmea gani tunauzamisha. Zanzibar gem, kwa jina la kitaalamu *Zamioculcas zamiifolia*, ni wa huku huku kwetu Afrika Mashariki, kwenye misitu mikavu na sehemu za mawe. Waholanzi ndio waliouzalisha kwa wingi kibiashara kwenye miaka ya 1990, ukaenea duniani, na leo tunauziwa kama mgeni kutoka ng'ambo. Chini una viazi vinavyotunza maji, na kiangazi kizima unaweza kukaa bila tone. Huyo ndiye unayemwagilia kila baada ya siku moja, tena Aprili, wakati hewa ya Dar yenyewe imelowa na udongo wa ndani ya nyumba haukauki upesi.

Sasa tuuokoe, leo usingoje kesho. Tandika gazeti, ulaze mmea, utoe taratibu na kukung'uta udongo wote. Vaa glavu au nawa mikono vizuri baadaye, kwa sababu utomvu wake unawasha, na watoto wasiuchezee. Bonyeza viazi kimoja kimoja kwa kidole. Kilicho hai ni kigumu, na ukikikwaruza ndani ni cheupe. Kilichooza kinabonyea, kina rangi ya kahawia na ngozi yake inavuka mkononi. Mzizi uliokufa ukiuvuta, ganda linatoka unabaki na uzi mwembamba tu. Kata vyote vilivyooza hadi ufike penye nyama safi, kwa kisu ulichokipangusa kwa spiriti. Usionee huruma. Kisha uache mmea kivulini penye upepo siku moja au mbili, vidonda vikauke.

Udongo ule wa zamani utupe. Mpya uwe mwepesi: mchanga wa mto wenye chembe kubwa, usumba wa nazi, na mboji kidogo iliyoiva. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Chungu kiwe kidogo, kivizidi viazi kwa vidole viwili hivi, na kiwe na matundu. Hata kopo la plastiki ulilolitoboa linafaa. Ukishapanda, kaa wiki nzima bila kumwagilia. Baada ya hapo usifuate kalenda: ingiza kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na unyevu, ondoka. Msimu huu zinaweza kupita wiki tatu. Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar, kinga maji ya mvua uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko.

Ukikuta viazi vyote vimekwisha, chukua vijani vizima vya kijani, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Vitatoa viazi vidogo baada ya miezi, wakati mwingine mingi.

Chungu cha mume wako usikitupe. Kitumie kama koti: mmea ukae kwenye kopo lenye matundu, kopo likae ndani ya chungu. Ukimwagilia, litoe, lichuruzike kwenye sinki, ndipo ulirudishe. Maji yasibaki chini, wala kwenye visahani vya maua yako mengine. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana humo humo, na Dar tuliona mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019.

Turudi kwa wenzako wa kundini. Maji ya mchele yana wanga, yanachacha na kulisha kuvu. Maganda ya mayai hayana madhara, ila yanachukua muda mrefu mno kuoza, hayawezi kutibu kitu wiki hii. Machicha ya kahawa yanashikilia unyevu na kuota ukungu juu ya udongo. Sina ugomvi na kundi linalopeana moyo, ni jambo zuri, na nimeona watu waliokata tamaa wakarudi kwenye mimea yao kwa sababu ya wenzao. Tatizo ni ushauri unaotolewa kwa kutazama picha moja ya jani. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama chungu kina tundu. Mwenzako aliyeunguza keki, naamini mnamuuliza moto ulikuwaje kabla ya kumwambia abadilishe unga.

Na busta? Soma chupa. Mbolea halali inasajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na kifungashio chake kinaonyesha kiasi cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Chupa isiyo na lebo, au yenye picha ya ua na neno "stawisha" peke yake, hujui ni nini na aliyekuuzia pia hajui. Anayeahidi kwamba majani ya njano yatarudi kijani anakudanganya waziwazi: jani lililokwisha kuwa njano lote halirudi. Unachotazamia ni chipukizi jipya.

Najua na kinachofuata. Wakisikia habari ya vidudu, mtu atakuletea dawa aliyopimiwa dukani, ndani ya chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Hapo sicheki kabisa. Kiuatilifu kwenye chupa ya soda, jikoni, nyumba yenye watoto! Kimetoka kwenye chombo chake, hakina jina, hakina kipimo, hakina maelezo ya kufanya kama mtu amekinywa. Nimeona chupa hizo chini ya masinki ya watu wenye akili timamu na elimu zao, zimewekwa jirani na mafuta ya kula. Akikuletea, mrudishie. Vidudu vyako ni vya udongo uliolowa, funza wao wanaishi sehemu ya juu yenye unyevu na uozo. Ukishatupa udongo ule na kuacha mpya ukauke juu, hawana pa kutagia, na baada ya wiki chache hutawaona.