Kabla Hujanunua Gemu ya Mieleka ya Ofa

Kila Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inapofungua ofa zake za mwishoni mwa Juni, na tena zile za Krismasi, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, 2K imeshuka bei, nichukue?" Wanamaanisha gemu za WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, zinazotolewa na kampuni ya 2K. Nimeona niandike jibu mahali pamoja, kwa sababu halitegemei asilimia ya punguzo. Swali ninalomuuliza mtu kwanza ni hili: mieleka ya miaka gani ndiyo iliyokuteka?

Gemu ya mieleka haifanani na gemu ya mpira. Ya mpira ikipitwa na msimu imeshaharibika, mchezaji wako kahama, kocha kafukuzwa, jezi si zile tena. Mieleka ni hadithi, na hadithi ikishaisha ndiyo kwanza inakamilika. Gemu iliyotoka Machi 2023 imewahifadhi wanamieleka wale kama walivyokuwa mwaka ule, na mikanda yao, nyimbo zao za kuingilia ulingoni na uhasama wao. Kwa hiyo shabiki wa mieleka anayesubiri bei ishuke hapotezi kitu cha maana. Gemu hizi huanza kuuzwa dola 60 au 70, na asiye na haraka huzikuta baadaye kwa sehemu ndogo ya hela hiyo.

Mchukue mwanamieleka Cody Rhodes. Aprili 2023, kwenye WrestleMania 39, onyesho kubwa la mwaka la WWE, pale Inglewood, California, mashabiki wengi wa huku tuliamka alfajiri ya Jumatatu tukiamini mkanda wa ubingwa unahamia kwake. Solo Sikoa akaingilia kumsaidia bingwa, Roman Reigns, naye akashinda. Niliumia sana asubuhi ile, na nakumbuka watu walivyosema WWE wameua hadithi. Mimi siku hizi nawapinga kabisa. Ule mwaka wa kusubiri ndio uliofanya usiku wa 7 Aprili 2024 kule Philadelphia uwe na uzito, Cody alipoukata utawala wa Reigns uliodumu siku 1,316. Bila kushindwa vile mara ya kwanza, angekuwa bingwa mwingine tu. Sasa WWE 2K24, yenye Cody kwenye jalada, ilitoka Machi 2024, kabla hajashinda. Ukiiwasha leo, Reigns bado ni bingwa na Cody bado anamfukuzia. Kwa mtu aliyeifuata hadithi ile, hiyo ni zawadi, na hakuna haja ya kutamani toleo jipya zaidi.

Halafu 2K24 hiyohiyo ina sehemu ya Showcase inayokupitisha kwenye miaka 40 ya WrestleMania, likiwemo pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat la 1987 pale Pontiac, Michigan. Kama una mdogo wako anayedhani mieleka ilianza na Reigns, mkalishe hapo.

Kwa waliompenda John Cena, nashauri 2K23, ukiikuta bado dukani au kwenye diski. Kuna kitu walifanya mle ambacho wengi walikilalamikia nami nakipenda: Showcase yake haikuchezeshi kama Cena, inakuchezesha kama watu waliopambana naye. Unakuwa Rob Van Dam usiku ule wa 2006 katika ukumbi wa Hammerstein, New York, umati mzima ukimzomea Cena. Unakuwa Brock Lesnar kwenye SummerSlam ya 2014, unamrusha juu na kumbwaga tena na tena mpaka unamwonea huruma. Ukubwa wa mwanamieleka upo katika namna anavyompandisha mwenzake. Cena alilionyesha hilo mpaka mwisho: pambano lake la kuaga, 13 Desemba 2025 mjini Washington, alipiga mkono kukubali kushindwa mbele ya Gunther. Watu walikasirika ukumbini. Mimi niliona mtu anayeijua kazi yake, anamwachia kijana kitu cha kusimamia.

Sasa lipo toleo ambalo nakuomba usiliguse hata likiuzwa bei ya soda. Ni WWE 2K20. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu ule ndio mwaka wetu. Tarehe 7 Aprili 2019 Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Sisi tuliozoea kuonyeshwa Kamala, yule "jitu la Uganda" mwenye rangi tumboni na mkuki mkononi, ambaye kumbe alikuwa James Harris wa Mississippi, tulijua maana ya kumwona Kofi ameinua mkanda ule na wanawe wakiwa ulingoni. Ungetarajia gemu ya mwaka ule iwe ya kuweka kabatini. Badala yake waliokuwa wakiitengeneza kwa miaka mingi, Yuke's wa Japani, walikuwa wameondoka, kazi ikabaki kwa Visual Concepts peke yao, na ilitoka Oktoba 2019 ikiwa mbichi. Nywele zinaruka hewani, watu wanapenya kamba, gemu inajizima katikati ya pambano. Tarehe 1 Januari 2020 ilikataa kabisa kufunguka mpaka urudishe tarehe ya mashine nyuma. Ilirekebishwa, lakini 2K wenyewe waliona aibu kiasi cha kuliacha toleo la mwaka uliofuata. Ukimtaka Kofi, chukua 2K24, ingia Universe, sehemu ya kupanga mapambano na mabingwa upendavyo, umpe mkanda mwenyewe. Na umwongezee muda aliostahili, kwa sababu kumwondoa kwa sekunde chache tu mbele ya Lesnar, Oktoba ile ya 2019, ulikuwa uamuzi mbaya na bado naulalamikia.

Tukishakubaliana kuhusu hadithi, turudi kwenye hela, maana bei unayoiona kwenye ofa haijakamilika.

Kubwa kuliko yote kwetu ni bando. WWE 2K23 inataka nafasi ya GB 80 kwenye kompyuta, 2K24 inataka GB 90. Piga hesabu ya bando la GB 90 kwa mtandao wako kabla hujabonyeza kununua. Kwa wengi wetu bando linaizidi bei ya gemu yenyewe, na hapo ofa imekufa. Ninachofanya ni kununua wakati wa punguzo, kisha kuiacha ikae kwenye akaunti mpaka nipate mahali penye faiba. Kama una rafiki mwenye gemu hiyohiyo, Steam tangu 2023 inaruhusu kompyuta moja kuvuta mafaili kutoka nyingine zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kula intaneti. Peleka laptopu kwake, ondoka na gemu. Wenye PS4 nawaambia bado: tafuta diski iliyotumika. Diski inakupunguzia sehemu kubwa ya kupakua, na ukichoka unaibadilisha na nyingine kwa kuongezea hela kidogo.

Jambo la pili ni seva. WWE 2K22 ilitoka Machi 2022, na mwanzoni mwa Januari 2024 seva zake zilizimwa, hata miaka miwili haijatimia. Kucheza mtandaoni kukaisha, MyFaction (sehemu ya kukusanya kadi za wanamieleka) ikaisha, na ule ukurasa wa kupakua wanamieleka waliotengenezwa na mashabiki ukaisha. Kilichobaki ni vile usivyohitaji mtandao: Showcase, MyGM (unakuwa meneja wa onyesho), Universe, na pambano la wewe na mwenzako kwenye kochi. Punguzo kubwa kabisa mara nyingi huja siku hizo za mwisho. Hilo la seva silioni kama sababu ya kutonunua, maana asilimia kubwa ya raha ya gemu hizi ipo nje ya mtandao. Ila ukinunua toleo la zamani ambalo seva zake bado ziko hai, kazi ya wiki ya kwanza iwe kupakua wanamieleka uwapendao waliotengenezwa na wenzetu. Ukishawahifadhi kwenye mashine, wanabaki wako. Na usitie hata senti kwenye pakiti za kadi za MyFaction, toleo lolote lile. Hela hiyo itazimwa pamoja na seva.

Angalia pia kilichomo ndani. Mwanamieleka CM Punk alirudi WWE Novemba 2023 karibu na Chicago, lakini kwenye 2K24 alikuja katika pakiti ya kuongeza, hayumo kwenye gemu ya kawaida. Mtu ananunua toleo la chini kwa sababu yake, halafu anamtafuta. Wakati wa ofa, toleo kubwa lenye pakiti zote mara nyingi huwa nafuu kuliko kununua vipandevipande.

Kwenye malipo, Steam haina shida, kadi ya Visa ya mtandaoni unayoifungua kwenye simu inatosha. Na Steam wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2, kwa hiyo zitumie saa hizo kujua kama laptopu yako inaiweza. PlayStation Store ni hadithi nyingine. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zao, ndiyo maana watu hufungua akaunti ya Marekani na kununua kadi za zawadi. Kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Kaa mbali na akaunti za kushea zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa. Jamaa yangu aliuziwa moja, akafurahi kwa wiki kadhaa, kisha mwenye akaunti akabadilisha nywila na simu haipokelewi tena.

Nje ya WWE kuna gemu moja ninayoisimamia hata wanaponibishia: AEW Fight Forever, ya Juni 2023, yenye wanamieleka wa AEW, kampuni pinzani ya WWE. Waliitukana kwa kuwa na wachezaji wachache na sura za katuni. Lakini waliotengeneza ni Yuke's walewale, na nyuma yake yuko Hideyuki Iwashita, mtu wa WWF No Mercy ya 2000 ya Nintendo 64. Unahisi mkono wake. Ukigusa kitufe cha kukamata unamshika mwenzako, na mwelekeo unaochagua ndio unaoamua utamfanya nini. Hakuna maelezo marefu. Mtoto wa shangazi yangu alishika pedi kwa mara ya kwanza, pambano la pili akawa ananipindua. Bei kamili isingestahili, kweli. Kwa nusu bei na kushuka, ichukue bila kufikiri mara mbili. Isitoshe ni ndogo sana ukilinganisha na zile za 2K.

Na mle ndani yumo mwanamieleka Owen Hart. Owen alifariki Mei 1999 kule Kansas City, alipoanguka kutoka juu akishushwa ulingoni kwa kamba, na mjane wake Martha kwa miaka mingi amekataa WWE walitumie jina la mumewe. Kwangu hilo peke yake lilitosha kuinunua. Kumwona anaingia ulingoni, mzima, akipigana, kulinigusa kuliko picha zozote za kisasa.

Mwenye laptopu ya zamani asikate tamaa, aitafute Fire Pro Wrestling World. Ni picha bapa za kizamani, haina mbwembwe, ila haitaki mashine kali, ofa zake ni za mara kwa mara, na kwenye Steam mashabiki wamepakia karibu kila mwanamieleka unayeweza kumtaja. Inataka uvumilivu, maana ukibonyeza haraka unapinduliwa wewe. Subiri wanamieleka washikane, ndipo ubonyeze.

Nasisitiza hili la mbwembwe kwa sababu watu hudhani mieleka bila taa na skrini kubwa si mieleka. Tazama vijana wa Soft Ground Wrestling wa Mukono, Uganda, chini ya mwanzilishi wao, Bumbash. Ulingo wao ni miti iliyofungwa pembeni na matope katikati. Wanaanguka, wanaruka, wanasimulia, na video zao zimezunguka dunia nzima. Mwenye macho anaona pale kitu kilekile alichokifanya Savage na Steamboat: watu wawili wanalindana miili huku wakikufanya uamini wanachukiana. Gemu nzuri ya mieleka ni ile inayokupa hicho, iwe na sura nzuri au mbaya.

Ndiyo maana mwenye simu tu namtuma kwa Mat Dickie, Mwingereza anayetengeneza gemu zake karibu peke yake. Wrestling Revolution 3D ni ya bure, ndogo, na inakubali hata simu za bei ya chini. Sura zake ni za ajabu, lakini nyuma ya ulingo kuna maisha: mikataba, ugomvi na bosi, rafiki anayekugeuka, jeraha linalokuweka nje. Ukiifungua, chagua kuanza kazi kama mwanamieleka mpya. Itakupeleka kwenye shule ya mieleka kwanza, na mazoezi yale yanachosha kidogo, ila usiyaruke: vidole vijue kitufe cha kukamata na cha kukimbia viko wapi kabla hujakubali mkataba wa kampuni yoyote.